Baiskeli ya Vipimo vya Mukarram

Mukarram alikuja kwangu kutaka kikapu. Nalisema hili mapema kwa sababu mtaani kwetu wapo wanaodai kwamba alikuja kutaka baiskeli, na wapo wengine, wenye ndimi ndefu zaidi, wanaodai kwamba alikuja kuuliza njia tu nikamkamata. Alikuja kutaka kikapu. Alikokota baiskeli kuukuu ya marehemu mjomba wake, akaiegemeza kwenye mforsadi ulio mbele ya karakana, akasema, "Sanobar, mdogo wangu, nifungie kikapu hapa mbele."

Mtu mwenye akili zake angemfungia kikapu. Vikapu tunavyo. Baba yangu, Fundi Nizom, anavisuka tangu kabla sijazaliwa, na vimening'inia kila mahali kuanzia mlangoni hadi darini. Karakana yetu ni chumba kimoja kilichokatwa na pazia. Upande wake kuna beseni la kulowekea fito, na harufu ya mto. Upande wangu kuna mabomba ya chuma, mtungi wa gesi, na cheti changu cha uchomeleaji kutoka chuo cha ufundi hapa hapa Kokand. Nimekitundika juu sana, kiasi kwamba mteja hana budi kuinua uso akisome. Baba huwaambia watu nimekiweka pale kisiunguzwe na cheche. Sijawahi kumsahihisha.

Niliitazama ile baiskeli ya marehemu kama daktari anavyomtazama mgonjwa mbele ya ndugu zake. Nikatikisa kichwa.

"Dada Mukarram, unataka kubeba nini?"

"Mkate. Unadhani nauza nguo?"

Mukarram ni mwokaji. Tanuri lake liko uani kwake, nyumba ya nne kutoka kwetu, na mkate wake una muhuri wa maua katikati ambao hata mtoto wa mtaa mwingine anautambua. Lakini majirani hununua mmoja mmoja, na mume wake yuko Urusi kwenye kazi za ujenzi, na simu zake zimezidi kuwa fupi. Basi Haji Obid, mwenye nyumba ya chai pale kwenye mfereji mkubwa, mkabala na soko, alikuwa amempa neno. Mwokaji wake wa zamani amehamia kwa binti yake Tashkent. Alhamisi ijayo kutakuwa na pilau ya harusi hapo kwake, ile ya alfajiri ambayo wanaume huijia moja kwa moja kutoka msikitini. Mukarram alete mkate. Ukifika wa moto kabla wageni hawajaketi, ataleta kila siku. Ukichelewa au ukipoa, ndiyo basi.

"Na ikiwa ndiyo basi?" nikauliza.

"Nahamia Rishton kwa mama mkwe. Ameshanisafishia chumba. Ameshanishonea hata aproni."

"Si hata huko utaoka?"

"Ataoka yeye! Tanuri ni lake, unga ni wake, muhuri ni wake. Mimi nitakuwa wa kuchochea moto." Akashika usukani wa baiskeli ya mjomba. "Nifungie kikapu, mwanakwetu. Nina siku chache."

Hapo ndipo nilipopaswa kuchukua waya na koleo. Badala yake nilivuta kigoda, nikamketisha, nikamtolea hotuba. Nilimwambia kwamba kufunga kikapu kwenye kitu kile ni kumvika ng'ombe mgonjwa hereni. Nilimwambia kwamba kila mwili una fremu yake. Nilimwambia kwamba baiskeli za dukani zimetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja asiyekuwepo duniani, na sisi wengine wote tunateseka kwa niaba yake. Nilikuwa nimeipenda sana sentensi hiyo. Niliirudia.

Alipotoka, alikuwa amekubali baiskeli nzima, keria yake, na mifuko ya kushonwa. Malipo tukakubaliana ni mkate, kila asubuhi, hadi nitakapochoka. Kutoka nyuma ya pazia nikamsikia baba akikohoa, kikohozi cha mtu asiye na mafua.

Wanawake wa mtaani huniletea kazi kwa sababu moja kubwa, nayo haiko kwenye cheti. Fremu ya vipimo inaanza na kipimo cha ndani ya mguu, na hakuna fundi mwanamume katika bonde lote la Fergana ambaye mke wa mtu atasimama mbele yake na futi. Nilimpima Mukarram juu ya mikunjo yote ya suruali na gauni lake la hariri, nikamwona jinsi alivyo. Ana miguu ya korongo. Mimi nikisimama kando yake, watu huniambia nisimame.

Nilifanya kazi kama niliyepagawa. Nilikata bomba la katikati nikaliinamisha chini ili apande bila kuinua gauni. Kiti sikukiwekea kibano cha kupandishia na kushushia. Nilikichomelea palepale, kwa urefu wake kamili. Kiti cha kupanda na kushuka, nilimwambia, ni cha watu wasiojijua.

"Na mdogo wangu akitaka kuiazima?" akauliza.

"Baiskeli ya vipimo haiazimwi, dada. Wewe huazima meno?"

"Sina haja, yangu yapo."

"Basi. Hii ni yako, na haitaguswa kwa ajili ya mtu mwingine yeyote. Hata mimi mwenyewe nikikuomba, unikatalie."

Alicheka, akaapa kwamba atanikatalia. Nakumbuka vizuri sana kwamba aliapa.

Kisha nikaingia kwenye suala la mzigo, na hapa ndipo elimu yangu ilipong'aa. Wauza mkate wote wa Kokand hubeba mkate kichwani kwenye sinia pana la fito, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine hewani. Mimi nilikuwa nimewatazama miaka yote hiyo nikiwahurumia. Mzigo ukiwa juu, baiskeli inalewa. Mzigo ukiwa chini, karibu na ardhi, baiskeli inatulia kama bibi kwenye mkeka. Kwa hiyo nilichora matenga mawili marefu ya kuning'inia huku na huku ya gurudumu la nyuma, chini kabisa, karibu yafikie vifundo vya miguu. Ndani ya kila tenga, mfuko wa turubai wenye pamba katikati, uliotiwa mishono kama mfarishi ili joto lisitoke. Kwa nje nikatarizi jina langu kwa uzi mwekundu, herufi kubwa, lisomeke kutoka ng'ambo ya barabara.

Matenga nilimwagiza baba. Akaitazama michoro yangu muda mrefu.

"Ya kubebea nini haya?"

"Baba, wewe suka tu. Ni siri ya kazi."

"Siri? Na fito ni zangu?"

"Utaona mwenyewe."

Nilitaka ashangae. Nilitaka afungue pazia siku hiyo aseme, mwanangu, sisi wa zamani tulikuwa vipofu. Akasuka. Akasuka vizuri kuliko michoro yangu, akaacha hata nafasi ya kupitishia upepo, maana alidhani ni ya viazi.

Na viazi ndivyo tulivyoijaribia. Jumanne jioni tulijaza matenga yote mawili viazi na tanipu, Mukarram akapanda, akapanda na daraja la mfereji, akashuka upande wa pili, akarudi. Baiskeli haikutikisika hata chembe. Watu wa mtaa walitoka nje. Mama mmoja alileta kikaango chenye majani ya kufukiza, akaizungushia moshi baiskeli nzima kuikinga na husuda, na mimi nikasogea ili nipate sehemu yangu ya moshi, kwa kuwa niliona wazi kwamba mwenye kuhusudiwa ni mimi. Baba alizunguka baiskeli mara mbili, akabonyeza kiti, akasema, "Imenyooka." Kutoka kwake hiyo ni hotuba. Sikulala vizuri kwa furaha.

Alhamisi kabla ya adhana nilikwenda uani kwa Mukarram kushuhudia ushindi wangu. Tanuri lilikuwa jekundu ndani. Alikuwa ameinama mdomoni mwake, mkono hadi begani, akibandua mikate na kuipanga juu ya kitambaa, uso wa kila mkate ukitazama juu. Ua mzima ulinukia ufuta. Nikaisogeza baiskeli, nikafungua mifuko yote miwili, nikarudi nyuma hatua moja kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Mukarram akachukua mkate wa kwanza kwa mikono miwili. Akainama. Akainama tena zaidi, maana mfuko ulikuwa chini kweli. Kisha mikono yake ikasimama hewani.

"Sanobar."

"Naam, dada."

"Mkate unakwenda humu?"

"Ndiyo. Unakaa moto mpaka adhuhuri."

"Humu. Kwenye kifundo cha mguu wangu."

Niliutazama mfuko, kisha nikakitazama kifundo chake.

"Na mimi nimekaa wapi?"

"Kwenye kiti," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imeanza kuwa ndogo.

"Kwenye kiti. Juu. Na mkate uko chini. Kwa hiyo mimi, Mukarram, nitaukalia mkate kutoka hapa mpaka nyumba ya chai, niupige kwa viatu njiani, halafu nimpe bwana harusi aumege?"

Mimi ni mtu niliyekuzwa kuokota kila kipande cha mkate kinachoanguka, kukibusu, na kukiweka juu ya ukuta ambako mguu wa mtu haufiki. Nimewahi kumfokea mgeni kwa kuweka mkate kifudifudi. Bibi yangu aliwahi kuhama chumba kwa sababu mto wake wa kulalia ulikuwa umewekwa juu kuliko mfuko wa mkate. Na mimi, kwa cheti changu, kwa michoro yangu, kwa uzi mwekundu, nilikuwa nimejenga mashine maalumu ya kuketia mkate. Wiki nzima nilikuwa nimefikiria uzito, nisifikirie hata mara moja ni uzito wa nini. Na viazi, kwa sababu ni viazi, havikunikumbusha chochote.

"Labda hawataona," nikasema.

Mukarram alinitazama kwa namna ambayo nilitamani tanuri lingekuwa na nafasi.

"Mungu haoni?"

"Basi lete ile baiskeli ya mjomba!"

"Ulinishauri niiuze. Nimeiuza."

Hapo adhana ikaanza, na sisi wawili tukasimama kati ya mikate iliyokuwa ikipoa. Nilijaribu kufunga tenga moja kwenye usukani; baiskeli ikaanguka mbele kwa heshima, kama inayosujudu. Nilipendekeza tukimbie kwa miguu. Akanionyesha rundo la mikate, kisha akanionyesha miguu yangu, na hilo lilitosha.

Mwishowe ni yeye aliyekwenda jikoni akaleta sinia pana la fito, lile lile la wauza mkate wote, alilonunua kwa baba yangu alipoolewa. Akakunja kitambaa, akakiweka kichwani. Akaanza kupanga mikate juu ya sinia, duara juu ya duara.

"Unaweza kuendesha na hilo kichwani?" nikauliza.

"Nimejua kuendesha Jumatatu, wewe mwehu. Mikono yote miwili naihitaji. Utaendesha wewe. Mimi nitakaa kwenye keria na mkate wangu."

"Dada, mimi sifiki kwenye pedali."

"Nani alichomelea kiti?"

Akaketi kwenye keria, akageuka mbele kama mpanda farasi, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuweka miguu mirefu ile, aliitumbukiza kwenye mifuko yangu, mmoja huku, mmoja huku, na viatu vyake. Turubai, pamba, mishono ya mfarishi. Ilimtosha sawasawa. Nikampandishia sinia kichwani, akalishika kwa mikono yote miwili, akasema, "Bismillahi. Twende, dereva."

Sasa nieleze jinsi mtu mfupi anavyoendesha baiskeli ya korongo. Haketi. Kiti kiko nyuma ya mgongo wake kikimpiga kila shimo, kama mwalimu mwenye hasira. Anasimama kwenye pedali moja mpaka ishuke, kisha anaruka juu ya nyingine. Kwa mbali anaonekana kama mtu anayepanda ngazi isiyofika popote. Nitaisifu fremu, hata hivyo, maana hakuna mwingine atakayeisifu: ilibeba wanawake wawili na mikate ya harusi nzima bila kulalamika. Aliyelalamika ni mimi.

"Usitikisike!" Mukarram akapiga kelele.

"Sitikisiki mimi, ni barabara!"

"Barabara ilikuwepo hapa hapa Jumanne!"

Wanaume walikuwa wakitoka msikitini, kofia vichwani, mikono nyuma. Walisimama kando ya mtaro kutupisha, kila mmoja na neno lake.

"Fundi, kiti kina moto?"

"Sanobar, shuka uibebe, imechoka!"

"Nani ameifundisha baiskeli kusali rakaa?"

Kwenye daraja la mfereji, pale pale tulipopandisha viazi kwa shangwe, nilianza kurudi nyuma. Nikasukuma kwa nguvu zote nilizopewa na mama yangu. Ndipo mwanamume mwenye masharubu, muuza mkate wa soko la chini, alipotupita kwa upole kwenye baiskeli isiyo na breki wala madigadi, sinia limejaa kichwani, mkono mmoja kwenye usukani. Kwa mkono wa pili alikuwa ameshika simu, akizungumza na mtu kuhusu bei ya mbolea. Alipotufikia alitoa simu sikioni.

"Asalaam alaykum, dada zangu. Mifuko mizuri."

Akaendelea na mbolea.

Tulifika nyumba ya chai wakati tarumbeta ndefu za harusi zimeanza kulia na wageni wanavua viatu. Walikuwa hawajaketi. Tungekuwa tumeshinda wakati huo huo, kama ningeweza kusimama. Lakini mtu husimamisha baiskeli kwa kuweka mguu chini, na mguu wangu haukufika chini. Nilikuwa nimefikiria kila kipimo cha baiskeli ile isipokuwa kipimo cha kuishuka. Nikazunguka kisima cha ua. Wapiga tarumbeta wakaacha kupiga.

"Nishushe!" Mukarram akasema kwa meno.

"Sifiki!"

"Shika breki!"

"Nikishika tutaanguka, na mkate utaanguka!"

Nikazunguka mara ya pili. Wageni waliokuwa wanavua viatu wakabaki na kiatu kimoja mkononi, wakigeuza shingo zao pamoja nasi. Herufi zangu nyekundu zilizunguka ua wote, zikasomwa na kila mtu: SANOBAR upande huu, SANOBAR upande ule, na ndani ya kila SANOBAR kiatu cha mtu.

Aliyetukamata ni Haji Obid mwenyewe. Aliingia mbele ya gurudumu kama mtu anayezuia ndama, akashika usukani kwa mikono miwili, akatutuliza. Hakusema nami. Alimzunguka Mukarram, akapokea sinia kutoka kichwani mwake kwa adabu ambayo hujaona harusini hata bibi harusi akipokelewa nayo, akaliweka juu ya meza. Akachukua mkate mmoja. Akaumega.

Mvuke ukatoka.

Mukarram alikuwa bado ameketi kwenye keria, miguu mifukoni, uso umepauka kama unga. Nilimwona midomo yake ikitembea, na nilijua anachoomba, kwa sababu nami nilikuwa nikikiomba: kisiwe chumba kile cha Rishton, isiwe aproni ile.

Haji Obid alitafuna. Alitafuna polepole kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona akitafuna. Akampa kipande baba wa bwana harusi, naye akatafuna.

"Kesho," Haji Obid akasema, "uje na ufuta zaidi kidogo."

"Kesho?" Mukarram akauliza.

"Na kesho kutwa. Kwani wewe huoki kila siku?" Kisha akainama, akaitazama mifuko. Akapitisha kidole juu ya jina langu. "Kazi nzuri. Hii ni ya kubebea nini?"

Nilifungua mdomo, lakini Mukarram aliniwahi.

"Ya miguu, Haji. Ni baiskeli ya vipimo."

Wageni walicheka mpaka mpishi wa pilau akatoka na mwiko wake kuuliza nani amekufa. Tarumbeta zikaanza tena. Tukapewa sahani ya pilau nyuma, jikoni, na Mukarram alikula huku akilia, na kila alipomaliza kulia alinitazama miguu yangu mifupi akaanza kucheka.

Mama mkwe alipiga simu kabla ya adhuhuri. Habari husafiri kwenda Rishton upesi kuliko mimi. "Nimesikia una biashara," alisema, na Mukarram akaiweka simu nisikie. "Nimesikia una hata dereva." Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge, kama aproni amtumie au ampe mtu mwingine.

Baba hakunicheka. Alifanya jambo baya zaidi. Sasa kila ninapompelekea mchoro, hata wa kikapu kidogo cha vitunguu, anaweka kisu chini, anakunja mikono, ananiuliza mbele ya mteja, "Ya kubebea nini?" Na hagusi ufito mpaka nijibu. Wateja wamezidi, hilo sikatai. Wanawake wanne wameagiza mifuko ya miguu kwa ajili ya watoto wao wa keria, na wote wanasema ni wazo la ajabu, na wananiuliza nililipataje.

Jioni ile ile ya Alhamisi nilikwenda kwa Mukarram na msumeno wa chuma. Nilimwambia ni kazi ndogo tu: nakata kiti, natia kibano, kinapanda kinashuka, kisha asubuhi nitaweza kuketi kama binadamu mpaka atakapojifunza kubeba sinia kwa mkono mmoja. Alikuwa anakanda unga. Aliniacha nimalize maelezo yote. Kisha akafuta mikono, akachukua msumeno wangu kwa upole, akautundika kwenye msumari, juu sana, pale ambapo sikuufikia.

"Niliapa," akasema. "Kabla ya adhana, mdogo wangu. Usichelewe."